Luseni ya Mwanza na Kichanga Chetu

Wanachama kadhaa wametuuliza msimu huu kwa nini miche ya mikarafuu waliyoipanda pahala pa kichanga hushika vizuri mvua ya kwanza, kisha hugeuka manjano na kudumaa, hata mtu akatamani kuing'oa atie mihogo. Swali hilo hilo tulilikuta mbali kabisa na visiwa vyetu, kando ya Ziwa Viktoria, kwa watu wasioijua karafuu ila ndani ya pilau. Wenzetu hao wameishi na mchanga tangu enzi za mababu, na wamepata dawa zake, nyingine rahisi na nyingine za kuvunja mgongo. Twaona ni kheri tuwape khabari zake.

Afikaye Mwanza mara ya kwanza hustaajabia majabali. Yamepandana moja juu ya jingine kama magunia bandarini, mengine yamesimama ziwani, na nyumba za watu zimejibana katikati yake mpaka vileleni. Jiwe hilo ni matale, na la kwao lina umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Ukilitazama kwa karibu utaona limeungwa kwa chembe za namna mbalimbali. Jua na mvua vikilipiga miaka na miaka, chembe nyingine huoza na kuwa udongo wa mfinyanzi, lakini zile ngumu ziitwazo kwazi hazioziki. Hizo hubaki vile vile zilivyo, nazo ndizo mchanga. Basi mfinyanzi, kwa kuwa ni mwepesi kuchukuliwa na maji, huteremka bondeni, na mchanga hubaki juu.

Hapa tufungue mabano kidogo. Zipo nchi ambazo mchanga wao haukuletwa hivyo. Kaskazini ya Ulaya na ya Marekani, barafu nene ilifunika ardhi, na ilipoyeyuka iliacha vilima na nyanda za changarawe na mchanga. Jimbo la Michigan limefika hadi kuutangaza mchanga mmoja wa namna hiyo, uitwao Kalkaska, kuwa udongo rasmi wa jimbo, mwaka 1990. Kwetu Afrika ya Mashariki kazi ya barafu yaonekana juu ya milima mirefu tu, kama Kilimanjaro, Mlima Kenya na Rwenzori, ambako zamani ilishuka chini zaidi kuliko leo ikaacha matuta ya mawe. Mwanza barafu haihusiki. Lakini mkulima wa Michigan na Msukuma wakikutana wataelewana upesi, maana mchanga unaopitisha maji una tabia zile zile, uwe umeletwa na barafu au umezaliwa na jabali.

Wasukuma hawauiti udongo wote "udongo". Wanao msamiati mrefu ambao mabwana shamba wa zamani waliona afadhali wauchukue kama ulivyo. Chini kidogo ya majabali ipo luseni, mchanga wa rangi ya kijivu au kahawia hafifu, unaolimika kwa jembe la mkono bila ya taabu. Ukishuka mteremko wafika itogolo, ambako chini ya mchanga mdogo pana tabaka gumu lisilopitisha maji. Mwisho kabisa ni mbuga, udongo mweusi unaonata miguuni wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Kila udongo una zao lake: mihogo, viazi vitamu, karanga na pamba juu kwenye luseni, na mpunga chini ndani ya majaruba, kwa kuwa huko maji hukaa. Mtu mwenye akili huko hutafuta kipande juu na kipande chini, ili mvua ikizidi ale cha juu, na ikipungua ale cha chini.

Mpangilio huo wa udongo, unaorudia kila kilima kwa mfuatano ule ule, ndio uliompa fikra mtaalamu G. Milne, aliyekuwa akifanya kazi Amani, Usambara. Mnamo mwaka 1935 aliuita katena, yaani mnyororo kwa Kilatini, na neno hilo sasa lafundishwa vyuoni dunia nzima. Sisi twafurahi kuona elimu hiyo imetoka katika vilima vyetu vya Afrika ya Mashariki, ingawa twadhani mwenye shamba wa Usukuma alikwisha kuijua bila ya Kilatini.

Sasa tuseme juu ya tabia ya luseni, maana ndiyo ya kichanga chetu pia. Wema wake wa kwanza ni kuwa maji hayatuami. Mizizi hupata hewa, haiozi, nayo hushuka chini sana. Wema wa pili ni kuwa mvua ndogo ya mwanzo yatosha kuotesha mbegu, wakati ambapo mbuga ingali ngumu kama saruji. Lakini wema huo huo ndio ubaya wake. Katika kila futi moja ya kina, mchanga mtupu huweka akiba ya maji ya mmea yapata nusu inchi mpaka robo tatu tu, hali udongo tifutifu huweka karibu inchi mbili. Jua likikaza wiki mbili tatu, mche mdogo ambao mizizi yake haijashuka hauna pa kunywa.

Na maji yakipita hayapiti peke yake. Hupita na chakula. Mfinyanzi na mboji ndivyo vishikavyo chakula cha mmea. Mchanga hauna mikono ya kukishikia. Mtu akimwaga mbolea ya chumvichumvi kwa wingi mara moja, kisha ikanyesha mvua kubwa, fedha yake imeshuka chini ya mizizi. Ile salfeti ya ammonia ina ila nyingine: ikirudiwa mwaka hata mwaka hutia udongo ukali, na mchanga, kwa kuwa ni dhaifu, hugeuka upesi kuliko udongo mzito. Katika kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kusini ya mji wa Mwanza, ambako mbegu za pamba zenye jina la UK zilizalishwa, samadi ya ng'ombe ilijaribiwa kwa miaka mingi, na ikaonekana kuwa faida yake haiishi msimu mmoja.

Lakini tulilopenda kuwaeleza hasa ni la Ukara. Ni kisiwa kidogo, ng'ambo ya Ukerewe. Udongo wake mwingi ni mchanga wa matale kama luseni, na watu wake ni wengi. Tangu zama za ukoloni walikuwa yapata 200 kwa kila kilomita ya mraba. Kwa hisabati ya kawaida kisiwa kile kingekuwa jangwa siku nyingi. Hakikuwa. Mwaka 1936 jarida la Tanganyika Notes and Records lilieleza ukulima wao, na wataalamu wamekuwa wakienda kutazama tangu hapo. Wakara walifuga ng'ombe ndani ya nyumba, katika shimo lililochimbwa sakafuni, wakawaletea majani ya kula na ya kulalia. Samadi ilipojaa ilichotwa ikabebwa kichwani hadi shambani. Uwele ulipokua, walipanda marejea katikati yake. Uwele ukivunwa, marejea yalibaki yakakua, kisha yakafukiwa mabichi yaoze ardhini. Njugu mawe nazo zilipata zamu yake. Majani ya ng'ombe yalilimwa kando ya ziwa kama zao, na miti ilikuwa na wenyewe.

Kazi hiyo si mchezo. Na hapa pana jambo lililotufikirisha sana. Wakara waliohamia bara, kwenye ardhi tele, wengi waliiacha desturi hiyo ya samadi na marejea, wakalima kama wenyeji wao walivyolima. Hawakusahau, walikuwa hawana haja. Mtu halishi mchanga ila akiwa hana mchanga mwingine wa kukimbilia. Sisi wa visiwani tu upande gani, kila mmoja ajijibu mwenyewe akitazama mipaka ya shamba lake.

Upande wa pili wa ziwa serikali ya kikoloni ilijaribu njia nyingine. Kuanzia mwaka 1947, katika mpango wa maendeleo wa Usukuma, watu waliamriwa kulima matuta ya kufunga, kupunguza ng'ombe na mengine mengi. Matuta yenyewe yalikuwa na faida, maana hushika maji ya mvua yazame yasikimbie na udongo. Lakini yalikuja kwa amri, watu wakayachukia, na kufikia mwaka 1958 sheria hizo za lazima ziliachwa. Twalitaja hili kwa sababu miongoni mwetu wapo wanaotaka Chama kitoe amri juu ya kila kitu.

Turudi kwenye mikarafuu. Mkarafuu hauvumilii maji yaliyotuama, kwa hiyo mteremko wenye kichanga si pahala pabaya. Pabaya ni kuupanda hapo kama unavyoupanda kwenye kinongo. Kabla ya kupanda chimba shimo la kufika gotini, lijaze maji, liache likauke, ulijaze tena. Yakitoweka kabla hujamaliza kikombe cha chai, jua kwamba una luseni. Yakiwapo mpaka kesho yake, pahala hapo waachie mpunga. Chukua pia ardhi ya chini kiganjani, iloweshe, uifinyange. Isiposhikana hata donge, ni mchanga mtupu.

Kwa mchanga huo, shimo la mche na liwe pana na litiwe samadi iliyooza, mabeseni mawili au matatu yaliyochanganywa na udongo wa juu. Weka kivuli kwa migomba au mihogo kaskazi yote. Funika shina kwa majani makavu, lakini yasiguse gome, maana mchwa hawana adabu. Mbolea ya dukani, ikiwapo, igawe kidogo kidogo mara kadhaa katika mvua. Kati ya miche panda kunde au marejea uyafukie.

Jambo la mwisho ni majani yanayodondoka chini ya mikarafuu mikubwa. Wako wanaoyafagia na kuyachoma ili shamba lionekane safi wakati wa kuokota karafuu, na wako wanaoyauza kwa ajili ya mafuta. Kwenye kinongo huenda shamba likastahimili. Kwenye kichanga majani hayo ndiyo mboji pekee iliyopo, na bei ya gunia la majani haijapata kufikia bei ya mti uliokufa. Mwenye kuuza na auze ya kinongo.

Mwanachama aliye na shamba la kichanga, na ambaye angependa kuacha mistari miwili na majani yake na kufagia mistari miwili mingine, na aandikishe jina kwa katibu wa tawi kabla ya masika. Tutakwenda kuitazama pamoja baada ya mavuno mawili.