Serikali ya Mji wa Eldoret na Watu Walio Wachache

Yafaa kila mkazi wa Eldoret ajue jinsi mji wake ulivyoanza. Ulianzia katika shamba lililopewa nambari 64, ndiyo sababu wenyeji waliuita Sisibo. Mwaka 1908 Makaburu wa Afrika ya Kusini walifika nyanda za Uasin Gishu kutoka Nakuru, kwa magari ya kukokotwa na maksai. Posta ilifunguliwa mwaka 1910, na mwaka 1912 mahali hapo pakapewa jina la Eldoret.

Makaburu walikuwa wachache, na lugha yao ya Kiafrikana haikuwa ya Serikali. Walakini walikuwa na mashamba makubwa na sauti katika mambo ya mji, hali Waafrika kwa miaka mingi hawakuwa na kura. Upendeleo huo haukudumu. Uhuru ulipokaribia mwaka 1963, wengi wao walihama.

Siku hizi walio wachache hulindwa kwa sheria. Tangu mwaka 2013 mji umo chini ya Serikali ya Kaunti, na mwaka 2024 ukafanywa jiji. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yataka waajiri waangalie kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za kazi za ngazi ya kwanza zinapewa watu wasio wa kabila lililo kubwa katika kaunti.

Basi kijana wa Kiluhya, Kikikuyu au Kiturkana asisite kupeleka barua ya kuomba kazi. Hiyo ni haki yake, wala si hisani ya mtu.