Je, Wajua? Nyota Isiyoonekana Kiriaini

Kiriaini, mji wa majani chai mpakani mwa Murang'a na Nyeri, hauna bahari, ila maji ya mito yake huingia Tana na kumwagika Kipini, upande wa Lamu. Mji uko kusini kidogo tu ya ikweta, hivyo nyota ya Jaa, ile inayoonyesha kaskazini, haionekani huko. Imelala upeoni, nyuma ya vilima.

Nahodha wa jahazi aliyeng'oa nanga Mombasa kwa upepo wa kusi naye hakuiona. Akishaipita Kismayu ndipo ilipoanza kuinuka, na kadiri alivyokwenda kaskazini ndivyo ilivyopanda. Aliipima kwa kibao chenye uzi wa mafundo, ambacho Waarabu walikiita kamal (si ile kamali ya kupoteza nauli). Aliuma uzi, akaulaza ukingo wa chini wa kibao juu ya mstari wa bahari na kutazama kama wa juu unaigusa nyota. Fundo lilimwambia yuko usawa wa bandari gani.

Huko Hawaii elimu ya namna hii ya kuongoza chombo kwa nyota ilikuwa imepotea. Mwaka 1976, mtumbwi wa matanga Hōkūleʻa ulipokwenda Tahiti bila dira, aliitwa kuuongoza Mau Piailug wa kisiwa cha Satawal, aliyefundishwa na babu yake tangu utotoni. Baadaye alimfundisha kijana Nainoa Thompson, naye akauongoza mtumbwi huo hadi Tahiti mwaka 1980. Darasa la Mau? Duara la mawe, kila jiwe mahali nyota inapochomoza au kutua.

Mawe Kiriaini yapo tele.