Sitara ya Nyumba na Mashine Zisemazo Zenyewe

Ndugu zetu Waislamu, adabu ya kubisha hodi tunaijua tangu utotoni. Aya ya 27 ya Suratun Nur yatutaka tusiingie nyumba za wenzetu bila idhini, na aya ya 12 ya Suratul Hujurat imekataza kupelelezana. Kwa kawaida makatazo hayo hufafanuliwa kwa mfano wa jicho kwenye tundu la mlango na sikio lililobandikwa ukutani. Leo tunakusudia kuzungumzia tundu la namna nyingine, lisiloonekana, ambalo limo katika kila chombo cha umeme.

Tuanze na jambo ambalo msomaji wetu wa Ndanda, Masasi au Newala huenda amekwisha kulisikia mwenyewe. Weka redio ya masafa ya kati karibu na kompyuta, televisheni au chaja ya bei rahisi, nayo itakoroma. Hakuna waya unaoviunganisha vitu hivyo. Umeme unapopanda na kushuka ndani ya mashine hutoa mawimbi ya sumakuumeme, na waya wowote ulio karibu huweza kuwa antena bila mtu kukusudia. Redio yetu husikia makelele tu. Lakini makelele hayo yana mpangilio, na mwenye chombo bora cha kupokea aweza kuyapanga upya yakawa maandishi.

Habari ya mawimbi si ngeni katika uwanda wa Makonde. Mnamo Novemba 1917, majeshi ya Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck yalipokuwa yakisukumwa kutoka upande wa Ndanda kuelekea Newala na Mto Ruvuma, Ujerumani ilituma meli ya angani L59 kutoka Jamboli, Bulgaria, ikiwa imesheheni dawa na risasi. Ilikwisha kufika Sudan pale ujumbe wa redio ulipoirudisha. Ule ulikuwa ujumbe uliorushwa makusudi. Katika vita hivyo hivyo, huko Ulaya, ndiko ulikodhihirika ule usiokusudiwa: simu za mahandakini zilitumia waya mmoja, umeme ukirejea kwa njia ya ardhi, na Wajerumani waliochomeka vyuma udongoni upande wao wakayasikia maneno ya Waingereza.

Mwaka 1943 jambo hilo lilijitokeza tena, safari hii Marekani. Mhandisi wa maabara ya Bell aliona kwamba kila mara mashine ya kuficha maneno ya simu za maandishi ilipofanya kazi, kipimo chake cha umeme kilichokuwa upande wa pili wa maabara kiliruka. Wanajeshi hawakuamini. Wahandisi wakaketi katika jengo la ng'ambo ya mtaa wa Varick mjini New York, umbali wa meta 25 hivi, wakanasa ishara kwa muda wa saa moja, kisha wakawaletea wenyewe takriban robo tatu ya maneno yao ya siri. Fumbo halikufumbuliwa, lilipitwa kando.

Habari hizo zilibaki za wakubwa hadi mwaka 1985, Mholanzi Wim van Eck alipoonyesha kwamba televisheni ya kawaida, ikiongezewa vifaa vya bei ndogo, yaweza kuonyesha kilichoandikwa kwenye kioo cha kompyuta iliyo mbali. Mwaka 2009 watafiti wawili wa Uswisi walinasa herufi zilizobonyezwa kwenye kibodi kutoka umbali wa hadi meta 20, kukiwa na kuta katikati. Na huko Uholanzi, mwaka 2006, wananchi walithibitisha kwamba mashine za kupigia kura zilikuwa zikitoa siri: jina la chama kimoja lina herufi yenye alama juu yake, na ilipotokea kiooni mlio wa redio ulibadilika. Wiki chache kabla ya uchaguzi serikali iliondoa baadhi ya mashine, na baadaye nchi nzima ikarudi kwenye karatasi na penseli. Wenye kuicheka karatasi yetu ya kura walitazame hilo.

Kinga yake ni nini? Ni chuma. Mwaka 1836 Michael Faraday alijenga chumba kilichozungushiwa madini pande zote, akaonyesha kwamba umeme wa nje haukufika ndani. Hata hapa kwetu, mtu aliye ndani ya nyumba ya bati simu yake huweza kusumbua, akatoka uani ili asikike. Lakini bati peke yake lisitudanganye. Tia simu katika sufuria, ufunike, kisha uipigie: mara nyingi itaita, kwani mawimbi hupenya palipo na mwanya baina ya sufuria na kifuniko. Kwa hiyo chumba cha siri hufunikwa sakafu, dari na kuta bila pengo, mlango hubanwa kwa chuma dhidi ya chuma, na waya wa umeme hupitishwa kwenye chujio, la sivyo huo huo waya huibeba siri hadi nje. Kazi hiyo ni ghali, na ni ya majeshi na balozi.

Sheria nayo haikunyamaza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 6, imetaja kwa jina unasaji wa mawimbi ya sumakuumeme yatokayo kwenye kompyuta, ikauhesabu kuwa kosa. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imewabebesha wanaotunza habari za watu jukumu la kuzilinda.

Kwa familia, tunaona kuwa kununua vifaa vya kinga hiyo ni israfu. Hakuna atakayebeba antena hadi Ndanda kutafuta namba ya siri ambayo mwenyewe humtajia wakala kwa sauti mbele ya foleni ya watu. Anayewajibika zaidi ni mwenye kushika amana ya wengi: zahanati yenye majibu ya vipimo, chama cha ushirika chenye hesabu za wakulima wa korosho. Kwao ipo hatua isiyo na gharama kubwa, kwa kuwa mawimbi hayo hufifia kadiri yanavyokwenda mbali: kompyuta yenye majina ya watu ihamishiwe chumba cha ndani, mbali na dirisha la barabarani na mbali na ukuta unaopakana na jirani.