Je, Wajua? Dawa Mbili Ndani ya Molekuli Moja

Je, wajua kwamba mseto si chotara? Mseto wa wali na choroko huiva sufuria moja, lakini sahanini choroko bado ni choroko. Ndivyo ilivyo dawa ya mseto ya malaria. Kidonge kimoja cha ALu kina miligramu 20 za artemetha na 120 za lumefantrini. Zikifika kwenye damu huachana: artemetha huisha nusu kwa saa mbili hivi, lumefantrini hubaki siku kadhaa ikipigana peke yake.

Mwanakemia Bernard Meunier na wenzake wa Toulouse, Ufaransa, walitaka dawa mbili zisizoweza kuachana. Mwaka 2000 walitangaza trioksakwini, molekuli chotara: upande mmoja una pete ya oksijeni tatu kama ya artemisinini, dawa mama ya artemetha; upande wa pili una uti wa klorokwini, ile dawa ya malaria iliyowasha watu mwili mzima na ambayo Tanzania iliacha kuitegemea mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilishaizoea.

Je, wajua kwa nini walichagua pande hizo? Hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Kimelea kikiwa ndani ya chembe nyekundu ya damu hula himoglobini, na katika ulaji huo hutoka hemu, kitu chenye chuma ambacho ni sumu kwake. Hujiokoa kwa kuigandisha iwe fuwele nyeusi. Upande wa klorokwini huzuia kuganda huko. Na chuma kile kile hukata kifungo cha oksijeni upande wa pili, dawa ikaamka na kushambulia. Chakula chake chenyewe ndicho kinachokiua.

Majaribio ya kwanza ya dawa kama hii hufanyika kwenye sahani ya plastiki ya visima vidogo, mara nyingi 96, vyenye damu ya binadamu na vimelea hai. Hutafutwa kipimo kinachopunguza ukuaji kwa nusu. Trioksakwini iliviua hata vimelea sugu kwa klorokwini, ingawa haijafika kwenye maduka ya dawa.

Na je, wajua kwamba uzito wa molekuli ni kikwazo? Artemisinini ina daltoni 282, klorokwini 320. Jumla inapita 500, mpaka uliopendekezwa na Christopher Lipinski mwaka 1997 kwa dawa za kumeza. Wale wa Toulouse hawakuunganisha artemisinini nzima. Walichukua pete inayouma, mengine wakayaacha.