Je, Wajua? Kabla Hujalaumu King'amuzi, Panda Uitazame Antena

Je, wajua kwamba Dar es Salaam ilizima matangazo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012? Kikomo cha kuzima kilichokubaliwa na mataifa mjini Geneva mwaka 2006 kilikuwa 17 Juni 2015.

Je, wajua kwamba TV ya chogo bado inafaa? Chomeka nyaya tatu nyuma ya king'amuzi: njano ni picha, nyekundu na nyeupe ni sauti. TV bapa itumie HDMI, picha ni safi zaidi.

Tena TV nyingi za kisasa zina king'amuzi ndani yake. Tafuta maandishi DVB-T2 kwenye boksi au nyuma ya TV. Ukiyakuta, chaneli za bure zisizofungwa utazipata kwa waya wa antena peke yake. Muulize muuzaji kabla hujatoa hela ya kifaa cha pili!

Je, wajua kwa nini picha ya dijitali hukatika ghafla? Analojia ilikuonya kwa chenga. Dijitali hubaki safi hata mawimbi yakidhoofika, kisha yakishuka chini ya kiwango fulani, picha inavunjika vipande vya mraba, inaganda, inapotea. Ndiyo maana tawi la mwembe tu huonekana kama limeua king'amuzi kizima. Fungua menyu uangalie mistari miwili, nguvu na ubora. Ubora ndio wa kufuatwa: nguvu ikijaa huku ubora ukiwa chini, antena imeelekea vibaya au inapokea mawimbi yaliyogonga majengo.

Antena yenye umbo la mifupa ya samaki ilibuniwa Japani, Chuo Kikuu cha Tohoku, miaka ya 1920. Shintaro Uda alifanya sehemu kubwa ya kazi, lakini dunia ikazoea jina la mkuu wake, Yagi. Uda anastahili kutajwa.

Je, wajua kwamba urefu wa vijiti vya antena hiyo haukubahatishwa? Hukaribia nusu ya urefu wa wimbi, yaani kati ya sentimita 22 na 32 kwa masafa ya megahezi 470 hadi 694. Vijiti navyo vilale au visimame kama vya mnara unaorusha matangazo; tazama antena za majirani wanaopata picha nzuri.

Bati huzuia mawimbi. Antena iliyo chini ya paa la bati inahangaika bure, itoe nje, juu.

Antena yenye kikuza mawimbi huhitaji umeme, mara nyingi volti 5 kutoka kwenye king'amuzi. Umeme huo huwashwa kwenye menyu, na mara nyingi huwa umezimwa. Wengi wamenunua antena mpya kwa sababu ya kipengele hicho cha menyu tu.

Ngurumo zikikaribia, chomoa plagi na waya wa antena pia: radi hupita kote kuwili.