Ziwa Kivu: Vifaa vya uvuvi wa ndoano vyabadilika, watoto wa samaki mashakani

Kandokando ya ziwa Kivu, kuanzia Goma na Minova hadi Kalehe, Idjwi na Bukavu, ndoano na chelezo bado vinaleta mboga nyumbani. Lakini vifaa vinabadilika, na kuna wanaoacha ndoano na kushika chandarua ya mbu. Badiliko hilo la mwisho ndilo linalohatarisha samaki wa kesho.

Wengi wakisikia uvuvi wa Kivu, wanawaza sambaza. Samaki hao wadogo waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wanavuliwa usiku kwa mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, huku taa zikiwavuta karibu na wavu. Hata huko mambo yamegeuka: taa za petroli zinaachia nafasi taa za betri. Kazi hiyo inahitaji kundi la watu na pesa.

Mvuvi wa ndoano anahitaji vitu vichache tu: fimbo ya mwanzi, uzi, ndoano, kitu kidogo cha kuzamisha chambo, na chelezo. Chelezo ni kile kitu chepesi kinachoelea na kumjulisha mvuvi kwamba samaki ameuma. Chaweza kuwa kipande cha mti mwepesi, kizibo cha chupa ama kambambili iliyochakaa. Siku hizi vipo pia vya plastiki vyenye rangi kali, uzi ni wa nailoni, na vijana wa mjini wanapenda fimbo ya dukani yenye gurudumu la kukunjia uzi.

Hata hivyo, chelezo cha dukani hakimpi mtu samaki peke yake. Kikiwa kikubwa mno, samaki anasikia kinamvuta, naye anatema chambo. Kikiwa kidogo kuliko uzito uliofungwa chini, kinazama chenyewe. Kikilala ubavu juu ya maji, mara nyingi ni alama kwamba uzito umefika chini. Mvuvi apunguze urefu wa uzi kati ya chelezo na ndoano. Kwa hiyo kipande cha kambambili kilichopimwa vizuri kinaweza kushinda chelezo cha bei kali.

Ziwa lenyewe linawalazimisha wavuvi wa ndoano kubaki karibu na nchi kavu. Kivu ina kina cha mita 485 hivi, lakini chini ya mita 60 hivi maji hayana hewa ambayo samaki anahitaji, na kule chini kabisa kumejaa gesi. Samaki wote wanaishi kwenye tabaka la juu. Tilapia anapenda zaidi maji mafupi ya kando, kwenye majani na matete. Jike anabeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe, na watoto wanakulia hukohuko kando.

Ni hukohuko pia chandarua inapokokotwa. Matundu yake yalitengenezwa kumzuia mbu, basi hayaachi hata samaki wa urefu wa ukucha. Tena vyandarua vingi vimetiwa dawa ya kuua wadudu, na dawa za aina hiyo ni sumu kwa samaki. Aliyepewa chandarua bure anapata mboga ya leo bila kutoa hata franga moja, lakini watoto wake wanalala bila kinga ya malaria, na tilapia ambao wangekua wanaishia kwenye sufuria wakiwa hawajazaa.

Ndoano, kwa upande wake, inachagua: ikiwa kubwa kidogo, haiingii katika mdomo mdogo. Lakini nayo ina kasoro zake. Ndoano ndogo sana inakamata watoto wa samaki vilevile, na uzi wa nailoni ukikatika unabaki majini miaka mingi bila kuoza, ukinasa ndege na samaki.

Kwa mvuvi wa kandokando, mambo matatu hayana gharama: kutumia ndoano isiyo ndogo mno, kumrudisha samaki mchanga majini haraka kwa mikono iliyoloa, na kurudi nyumbani na vipande vya uzi vilivyokatika. Nayo chandarua ibaki juu ya kitanda.