Maji Safi na Maji Salama: Kisima cha Misheni katika Ukanda wa Floraidi

Katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki kisima cha kwanza kuchimbwa kwa mashine kililetwa na kanisa. Ushirika wa ng'ambo hukusanya sadaka, kisha kundi la waumini husafiri kwa majuma mawili, hubeba mawe na kufukia mabomba pamoja na wenyeji, na siku ya mwisho bomba hufunguliwa kwa sala na nyimbo. Furaha ya siku hiyo ni ya kweli. Mama aliyekuwa akiamka alfajiri kufuata maji ya mto unaonywewa pia na ng'ombe, sasa anajaza dumu lake jirani na nyumbani, na kuhara kwa watoto kunaweza kupungua ikiwa maji hayo yatatunzwa vizuri hadi yanaponywewa.

Idara za maji husema "maji safi na salama" kwa pumzi moja, hata maneno hayo mawili yakadhaniwa kuwa na maana moja. Sivyo. Usafi wa maji huonekana kwa macho. Usalama wake hupimwa. Tofauti hiyo ni kubwa hasa katika Bonde la Ufa, na miteremko ya Mlima Meru mkoani Arusha ni mfano ulio wazi.

Meru ni mlima wa volkano. Miamba na majivu yake yana madini ya floraidi kwa wingi, na maji yanayokaa muda mrefu ardhini huyayeyusha polepole. Kalsiamu ingeweza kuikamata floraidi na kuituliza, lakini maji ya eneo hilo kwa kawaida yana magadi mengi na kalsiamu kidogo, hivyo floraidi hubaki imeyeyuka. Jina la Maji ya Chai, wilayani Arumeru, huhusishwa na rangi ya mto upitao hapo, ambao unajulikana kwa floraidi nyingi. Hata hivyo rangi si kipimo. Floraidi yenyewe haina rangi wala harufu, na kisima kirefu chenye maji meupe kabisa chaweza kuwa nayo kwa kiwango kinachodhuru.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4, kwa kuwa vyanzo mbadala vilikuwa haba, kabla ya kushusha kiwango chake hadi 1.5. Kwa hiyo kisima kilichokubaliwa zamani kwa haki kabisa kinaweza leo kuwa nje ya kiwango, bila maji yake kubadilika hata kidogo.

Madhara ya kwanza huonekana kinywani. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno ya ukubwani yangali yanajijenga ndani ya ufizi, yaani takriban miaka minane ya kwanza, huota meno yenye mabaka meupe yasiyong'aa, kisha ya kahawia, na yakizidi huwa na vishimo na kumeguka. Mtu mzima aliyehamia eneo hilo meno yake yakiwa yamekwisha kuota hapati mabaka hayo, lakini mifupa yake haina kinga hiyo. Akinywa maji yenye floraidi nyingi kwa miaka, mgongo na viungo hukakamaa na kuuma, na pale ambapo kiwango kinapita miligramu 10 ulemavu kamili umeshuhudiwa. Watoto, hasa wale ambao lishe yao ina upungufu wa kalsiamu, huweza kupata matege au magoti yanayogongana.

Zahanati ina wajibu wake hapa, na si kila mara huutimiza vyema. Mama akimleta mtoto mwenye meno ya kahawia, mara nyingi huulizwa kwa nini mtoto hapigi mswaki. Swali hilo humwonea. Rangi hiyo imo ndani ya meno yenyewe, na mswaki hauiondoi. La kuulizwa ni mahali ambapo familia iliteka maji tangu mtoto alipozaliwa, na kama kaka na dada zake, au watoto wa majirani wanaotumia chanzo hicho hicho, wana meno ya namna hiyo. Watoto watano wa kitongoji kimoja wenye mabaka yanayofanana ni taarifa ya kupelekwa kwa afisa afya, hata kama hakuna aliyekuja kutibiwa meno.

Kuna habari njema ambayo haijasemwa vya kutosha kliniki. Maziwa ya mama huwa na floraidi kidogo sana hata pale mama mwenyewe anapokunywa maji yenye floraidi nyingi. Kumnyonyesha mtoto bila kumpa kitu kingine kwa miezi sita ya kwanza kunamkinga pia na madini haya. Hatari huanza anapoanza kupewa uji na maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji ya kisima. Magadi ya kulainishia maharage na makande nayo hubeba floraidi, wakati mwingine nyingi, na katika familia za Meru na Kilimanjaro ni jambo la kutajwa kwa jina kila ushauri wa lishe unapotolewa.

Wengi hudhani kwamba kuchemsha maji humaliza kila tatizo. Kuchemsha huua vijidudu, nako ni muhimu, lakini floraidi haitoki. Maji yanapopungua sufuriani, floraidi iliyobaki humo huwa nzito zaidi. Klorini haiitoi, wala chujio la mchanga.

Kosa la namna hii halikufanywa na makanisa peke yake. Nchini Bangladesh visima vya bomba vilichimbwa kwa mamilioni tangu miaka ya 1970 ili kuwaepusha watoto na maradhi ya kuhara. Mwaka 1993 ndipo ilipothibitishwa kwamba baadhi yake vina sumu ya arseniki. Nia ilikuwa njema, na vijidudu vilipungua. Kilichokosekana ni kupima madini.

Kanisa Katoliki la Nakuru, nchini Kenya, ni mfano wa upande wa pili. Mpango wa maji wa dayosisi hiyo ulikuwa umechimba visima kwa miaka kadhaa katika eneo lenye floraidi nyingi. Badala ya kuendelea kuhesabu visima, tangu mwaka 1998 ulianza kushughulikia ubora wa maji yenyewe. Njia waliyoikuza ni mkaa wa mifupa: mifupa ya mifugo huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, husagwa kuwa chengachenga, kisha maji hupitishwa humo na floraidi hunaswa. Kituo cha Ngurdoto, karibu na Arusha, kimefanya kazi ya namna hiyo kwa upande wa Tanzania. Mkaa huo hufika mahali ukashiba, na kuanzia hapo chujio hupitisha floraidi huku likionekana zima. Lazima awepo mtu wa kupima maji yanayotoka na kubadilisha mkaa, miaka mingi baada ya wageni kuondoka. Vilevile wapo waumini wa dini mbalimbali watakaotaka kujua mifupa hiyo ni ya mnyama gani, na wana haki ya kujibiwa kabla chujio halijafungwa.

Mara nyingi njia nyepesi ni kutenganisha matumizi. Maji ya kisima yanaweza kubaki ya kufulia, kuoga na usafi wa nyumba, na ya kunywa na kupikia yakatoka kwingine. Familia inayotumia lita 30 kwa siku kwa kunywa na kupikia huhitaji lita 4,500 kwa siku 150 za kiangazi. Tanki la lita 5,000 linatosha. Paa la bati la mita 30 za mraba hukusanya karibu lita 24 kwa kila milimita moja ya mvua, baada ya kutoa kinachopotea, na maji ya mvua karibu hayana floraidi. Yatahitaji kutibiwa kwa klorini, kwa sababu ndege hutua juu ya mabati.

Wakati wa kuyasema haya ni kabla ya mashine ya kuchimba kufika. Tanki likishajengwa, jina la ushirika wa wageni likachongwa ukutani na mchungaji akaliombea, ni vigumu mno kwa mwenyekiti wa kijiji kusema kwamba maji hayafai. Kibali cha kuchimba huombwa katika bodi ya maji ya bonde husika, na hapo ndipo pa kuuliza vipimo vya visima vya jirani. Gharama ya kupima sampuli moja ni ndogo kuliko nauli ya ndege ya mgeni mmoja.

Sampuli ya floraidi huchukuliwa kwa chupa ya plastiki iliyosuuzwa mara tatu kwa maji yale yale, ikaandikwa jina la chanzo, tarehe na saa, haihitaji barafu. Ya vijidudu ni tofauti: chupa huwa imetakaswa na haisuuzwi, huwekwa kwenye kasha la barafu, na hufikishwa maabara ndani ya saa 24.